Tupa au Maji ya Moto?

Msomaji na amfikirie mwalimu mstaafu wa Zagayu, huko Usukumani mkoani Simiyu, ameketi barazani na kalamu mbili za wino. Ya kwanza ni kuukuu: bomba limepasuka, lakini nibu yake ni ya dhahabu, imekatwa mshazari, na kwa miaka mingi imelika kwa kuufuata mkono wake. Ya pili ni mpya na nzima, ila nibu yake haijamjua mtu. Ataka kuihamisha ile ya zamani. Yaingia kwa shida, wala hailali sawasawa: mkunjo wake sio mkunjo wa kalamu ngeni. Mbele yake pana njia mbili, tupa na maji ya moto.

Tupa ni njia ya mkato. Akikwangua mbavu za nibu, huenda ikakaa. Lakini dhahabu iliyokwanguliwa hairudi. Maji ya moto yataka subira. Chini ya kila nibu pana ulimi wenye mifereji myembamba, uteremshao wino na kupandisha hewa. Ukiwa wa ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, hulegea kwa joto, ukabanwa ukaufuata mgongo wa nibu, kisha ukapoa ukabaki hivyo.

Hapa ufundi wageuka kuwa swali la haki: mgeni aingiapo nyumba mpya, nani abadilike? Pwani yalijua swali hili. Hati za Kiarabu zilizopokea tenzi zetu zilikuwa na alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Baadaye hati ndizo zilizoongezewa alama, irabu hazikupunguzwa.

Vivyo hivyo katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa Viktoria, Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Miaka ikapita bila mchapaji. Mwishowe aliitia mwenyewe katika Kiswahili, ikatolewa mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Majina, mila na mwendo wa taratibu wa masimulizi ya ziwani vimo humo. Hakuikwangua nibu, aliupasha moto ulimi.

Sasa mhariri wa pwani apokea shairi la kijana wa Usukumani. Mna neno la Kisukuma lisilo na mwenziwe katika Kiswahili, na tupa i mkononi. Atasema kwamba lugha bila kanuni ni wino uliomwagika, na hakukosea. Ebonaiti nayo ikizidishiwa moto huharibika. Si kila ugeni wa kuvumiliwa. Mizani ikipungua, na isahihishwe. Kina kikivunjika, na kirudishwe. Huko ni kuosha wino uliogandia, na nibu hutoka nzima. Lakini kulifuta neno kwa kuwa tu halikuzaliwa Unguja wala Mvita ni kukwangua dhahabu.

Kipimo basi ni hiki: kibadilike kile kiwezacho kupatikana tena. Ulimi wa kalamu hutafutwa mwingine. Nibu iliyolika kwa mkono mmoja haina dukani.

Mwalimu wa Zagayu aiweka tupa chini, ateleka maji. Huenda mara ya kwanza wino ukakatika, atachemsha tena.