Muhula Mmoja Ulaya: Uchague Masomo Gani?



Hapa Butimba tunaishi na wanafunzi. Chuo cha Ualimu kipo hapa hapa, na ukisogea kidogo kule Nyegezi unakutana na wa SAUT. Ndiyo maana swali la leo limenifikia. Dada mmoja wa TMCS anayesomea ualimu amepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ulaya. Ametumiwa orodha ya kozi, achague mwenyewe. Akaniuliza: "Frateri, nichukue za mteremko nilinde GPA, au nichukue na hii ngumu ya kufundisha watoto viziwi, ambayo huku sijaisoma?"

Utasema hilo ni swali la ofisi ya taaluma, si la dhamiri. Kwa sehemu ni kweli. Katika mpango kama Erasmus+ kuna makubaliano ya masomo yanayosainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Usipohakikisha mapema kwamba kozi zako zitatambuliwa nyumbani, unaweza kurudi na matokeo mazuri halafu ukarudia muhula. Na hesabu zenyewe hazifanani. Kule krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwetu ni saa 10. Kwa hiyo ukiona kozi ya krediti 6 usidhani ni ndogo. Ni saa 150 au zaidi.

Lakini ofisi ikishamaliza kazi yake, swali bado lipo. Kozi zote kwenye orodha ni halali. Sasa uhuru huo wa kuchagua utautumiaje?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia. Katika *Summa* anatofautisha fadhila ya bidii ya kujifunza na udadisi uliopotoka. Halaumu kujua, analaumu hamu ya kujua iliyokosa mpangilio. Kati ya njia anazozitaja za kupotoka, mbili zinatugusa. Moja ni kuacha somo linalotupasa kwa wajibu wetu na kukimbilia lenye faida ndogo. Nyingine ni kung'ang'ania mambo yaliyozidi uwezo wetu. Ya kwanza inamgusa mpenda mteremko. Ya pili inamgusa yule anayebeba kozi tano ngumu kwa mpigo ili arudi akitamba.

Tunaye pia mfano wa nyumbani, Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Yeye hakwenda kwa muhula mmoja, alikaa Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akisomeshwa na serikali ya kikoloni. Alikuwa amefundisha baiolojia Tabora, na kule alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia. Njia ya sayansi ilikuwa wazi mbele yake. Yeye akachukua shahada ya sanaa yenye masomo mapana: fasihi ya Kiingereza, uchumi wa kisiasa, anthropolojia ya jamii, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alirudi na M.A. ya kawaida, si ile ya Honours. Mwaka 1954 alikuwa rais wa TANU. Sisemi kozi zile ndizo zilizoleta uhuru. Ninachosema ni kwamba hakuna Mtanzania anayeuliza leo alipata daraja gani.

Hata hivyo tusiidharau GPA. Kwa mtoto wa mama anayeanika dagaa pale ufukweni, GPA ni ajira, na ajira ni ada ya wadogo zake. Kupata sapu ugenini si jambo la kuchekea. Anayelinda alama kwa ajili ya hao, huyo anapenda, na Mungu anaona. Shida inaanza pale alama zinapogeuka kuwa shimo la kujifichia. Kumbuka yule mtumishi aliyefukia talanta yake, katika Mathayo 25. Hakupoteza hata senti. Aliirudisha nzima, safi, kama alivyopewa. Na bwana wake hakufurahi.

Basi dada yangu, nakushauri hivi. Chukua zile zinazodaiwa na chuo chako, na ongeza nyingine unayoimudu. Kisha chukua na hiyo moja ngumu. Siku moja utasimama darasani mbele ya mtoto asiyesikia, na yeye hatakuuliza GPA yako.

Na wewe unayesoma hapa, hata kama huendi Ulaya, hata kama unachagua tahasusi ya kidato cha tano tu: kaa na orodha yako mbele ya Ekaristi Takatifu, na kwa kila somo jiulize, "Nikilijua hili, nani mwingine atapona?" Ukikuta majibu yote ni "mimi tu", chagua upya.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, msimamizi wa wanafunzi, utuombee.

Ni mimi frateri wenu, Butimba.