Kati ya Hizi Tatu, Gani Imetuishia?

Wengi wetu tunajua imani, tumaini na upendo kutoka kwa harusi. Lakini Paulo hakuwa anaandikia maharusi. Korintho, katikati ya miaka ya 50 ya karne ya kwanza, waumini walikuwa wamegawanyika, na kwenye chakula cha Bwana wenye nacho wanashiba, maskini wanakaa njaa. Ndiyo maana upendo ukaja mwisho, mkuu kuliko yote. Miaka michache kabla, akiwaandikia Wathesalonike waliofiwa, zilikuwa hizohizo tatu, ila tumaini ndilo la mwisho. Naona alikuwa anaweka uzito palipo na pengo.

Sasa Nakuru, Januari 2008, pengo lilikuwa wapi? Si imani. Krismasi ilikuwa imepita juzi tu. Kilichokosekana kwa wengi ni upendo wa kumficha jirani wa kabila lingine ukijua nyumba yako inaweza kuchomwa.

Na leo, Bondeni? Imani ipo, msikitini na kanisani. Lakini kijana amemaliza chuo, vyeti viko kwa bahasha, kazi hakuna. Ukimwambia "amini tu," unampa kitu ambacho tayari anacho. Amepungukiwa tumaini, na hilo ataletewa na mtu wa kumlipia nauli ya kwenda intavyuu, au kumwachia kiti kimoja kwa kinyozi ajifunze kazi.

Hapo ndipo naelewa ukuu wa upendo. Imani yangu siwezi kukuazima. Tumaini langu pia. Upendo ndio unaoweza kuvuka geti la ploti ukabisha kwako.