Kabla ya Kuvuta Mshipi

Samaki wengi hawaumi kwa kishindo. Anayevua kwa mshipi wa mkono analijua hilo. Changu hugusa chambo, akakiacha, akakirudia, na kinachofika kidoleni ni hafifu kuliko mapigo ya moyo wako mwenyewe. Wimbi nalo hutikisa mshipi. Chubwi likikwaruza jiwe, hutikisa pia. Mvuvi ana nusu sekunde ya kuamua ipi ni bahari na ipi ni samaki.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa na nimepanga chumba Kariakoo, karibu na duka linalouza nailoni na ndoana kwa wavuvi wa Feri. Siku moja nilimuuliza mwenye duka: "Shikamoo mzee. Mtu anajuaje kama ni samaki?"

"Marahaba mwanangu. Hajui. Anauinua kidogo, ndipo ajue."

Jibu hilo limebeba ugomvi wa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Uingereza, Frederic Halford aliwafundisha wavuvi wa trauti kurusha nzi wa bandia anayeelea, tena kwa samaki aliyeonekana akija juu kula. Hujamwona, hurushi. Mwaka 1910 mwanasheria wa London, G. E. M. Skues, alichapisha kitabu kilichotetea njia nyingine: kuzamisha ndoana iliyofanana na tunutu, yaani mdudu mchanga aishiye majini, kwa kuwa trauti hula sana chini ya maji. Huko samaki haonekani. Mvuvi hutazama pale mshipi unapoingia majini. Ukisita, ukienda kombo, ukichelewa kidogo kuliko mkondo, anauinua. Mara nyingi ni jani au jiwe. Lakini akingoja uhakika, samaki ameshautema ule mdudu wa bandia.

Kariakoo hatuvui, ila tunasalimiana kutwa. "Mambo?" "Poa." "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Jibu liko tayari kabla ya swali. Hata mwenye msiba huanza na "nzuri", kisha ndipo ije "ila". Kwa hiyo neno lenyewe halikuambii kitu. Habari imo katika kukawia. Dada anayeuza madera kibarazani chini ya chumba changu huniitikia kabla sijamaliza kusalimu. Kuna wiki "salama" yake ilianza kuchelewa, pumzi moja tu. Ni jiwe au ni samaki?

Mwaka 1877 mwanafalsafa W. K. Clifford aliandika kwamba ni kosa kuamini jambo lolote bila ushahidi wa kutosha. Kwa kipimo hicho, pumzi moja si ushahidi wa chochote. Ningeamini dada yule ana shida, ningekuwa najitungia hadithi juu ya maisha ya mtu. Ila kuinua mshipi si kuamini kwamba samaki yupo. Ni kuuliza. Imani inadai ushahidi; swali linatosheka na shaka.

Tena wengi hukumbuka hukumu ya Clifford na kusahau mfano wake. Anasimulia mwenye meli kuukuu aliyekuwa na wasiwasi nayo, akaubembeleza wasiwasi ule mpaka ukalala, akawaaga abiria kwa moyo mweupe. Meli ikazama. Kosa la mtu yule lilianza pale alipoguswa na shaka asiinue mshipi. Sisi tuliokua tukisimuliwa habari za MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996, mfano huo hautupi tabu kuuelewa.

Hata hivyo kuuliza kuna adabu yake. Watu wa pwani tunathamini sitara, na anayevuta kwa nguvu hukata mshipi. Swali jema humwachia mtu nafasi ya kukataa bila kuaibika.

"Dada, salama kweli?"

"Salama, mdogo wangu. Usingizi tu."

Nikaliacha hapo. Kesho yake nikauliza tena, kwa wepesi uleule, akacheka. Siku ya tatu alinisogezea kigoda. Alikuwa amechukua mkopo, ile mikopo tunayoiita kausha damu, na waliomkopesha walisema watakuja kubeba mzigo wake. Mchana wote nilikaa naye tukisoma karatasi aliyokuwa ameisaini bila kusomewa. Jioni nikampa sehemu ya fedha niliyoiweka kwa ajili ya kodi ya chumba. Haikutosha. Tukaanza kuhesabu nani mwingine wa kuombwa.

Hapa ndipo mvuvi na muulizaji wanapoachana. Mvuvi akiinua akakuta ndoana tupu, amepoteza. Akikuta samaki, amepata. Muulizaji akikuta tupu, amepona. Akikuta kitu, deni limeanza. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu ni wanafunzi wa Halford tunapokutana na majirani: tunataka kwanza tuone kitu kikija juu. Tunauita msimamo huo heshima, au kutojiingiza katika mambo ya watu. Wakati mwingine ni heshima kweli. Lakini uhakika tunaoungoja huja baada ya mzigo kubebwa, na wakati huo hakuna tena anayetuomba kitu zaidi ya pole.