Je, Kizuri Chajiuza?

Wazee walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii twaitumia kila siku, na sokoni ni kweli mara nyingi. Lakini yafaa kuuliza kama ni kweli kwa kila kitu. Miaka mingi nimetazama picha za sinema, zenye sifa na zisizo na sifa, nami naona ziko picha njema ambazo hazikujiuza. Nitawaeleza tatu, kila moja ya namna yake, kisha tutafute sababu.

Ya kwanza ni habari ya jamaa, Make Way for Tomorrow, iliyotolewa Marekani mwaka 1937, kazi ya Leo McCarey. Mzee mmoja na mkewe walipoteza nyumba yao, ikachukuliwa na benki. Walikuwa na watoto watano, wote watu wazima, walakini hakupatikana hata mmoja wa kuwapokea wote wawili. Basi baba akapelekwa kwa mtoto huyu na mama kwa yule, na watu waliokaa pamoja miaka 50 wakatenganishwa. Watoto wale si wakatili. Kila mmoja ana udhuru wake: nyumba ni ndogo, kazi ni nyingi, mke amechoka. Hapo ndipo picha inapochoma, maana ukatili twaweza kusema si wetu, lakini udhuru ule twaujua. Wakuu wa kampuni walitaka mwisho wa kufurahisha, McCarey akakataa. Wazee wakaagana stesheni, na habari ikaishia hapo.

Watu hawakuijia. Mwaka uleule McCarey alitoa picha ya kuchekesha, The Awful Truth, ikampatia tuzo ya Oscar. Naye alipoipokea alisema kwamba wamekosea picha. Walakini mbegu haikufa. Huko Japani mwandishi Kogo Noda alichukua wazo katika picha ile iliyoachwa, akaandika pamoja na Yasujiro Ozu habari ya wazee waliokwenda mjini kuwatazama watoto wao, nao watoto hawana nafasi. Picha hiyo ni Tokyo Story, ya mwaka 1953. Mwaka 2012 waongozaji wa sinema waliopiga kura katika gazeti la Uingereza, Sight & Sound, waliiweka ya kwanza kupita zote.

Ya pili ni ya kutisha, The Night of the Hunter, ya mwaka 1955. Mwongozaji wake ni Charles Laughton, mwigizaji wa Kiingereza. Mwuaji mmoja ajifanya mhubiri, naye amejichora neno la upendo kwenye vidole vya mkono mmoja, na la chuki kwenye vidole vya mkono wa pili. Afika katika mji mdogo, amwoa mjane kwa ajili ya fedha za wizi, dola 10,000, zilizofichwa ndani ya mwanasesere wa binti yake mdogo. Watu wa mji wampenda, kwa kuwa asema vizuri na kuimba vizuri. Amtambuaye ni mtoto, John, kaka wa yule binti, wala hapana wa kumsadiki. Hatimaye mhubiri alipojulikana, walewale waliomsifu zaidi ndio walioongoza kundi la kutaka kumwua. Angalieni jambo hili: wengi walikosa walipompenda, wakakosa tena walipomchukia, kwa sababu mara zote mbili walifuatana tu. Na nje ya picha mambo yalikuwa hivyohivyo. Watazamaji waliiacha, na Laughton hakuongoza picha nyingine mpaka kufa kwake mwaka 1962. Mwaka 1992 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia katika orodha ya picha za kuhifadhiwa.

Ya tatu ni ya kijijini, Yaaba, kazi ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, iliyotolewa mwaka 1989. Kikongwe mmoja, Sana, akaa peke yake, kwa kuwa watu wasema ni mchawi. Mtoto Bila amsogelea, amwita yaaba, maana yake bibi. Nopoko, binamu yake Bila, anapougua sana, kikongwe yule ndiye ashikaye njia kwenda mbali kumtafuta mwenye dawa. Picha hii ilipewa tuzo Cannes, Ufaransa; lakini huku kwetu, ambako jambo lile laeleweka bila mkalimani, ni wachache walioisikia. Nasi ndio tuliosikia habari za vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu.

Sasa sababu. Sokoni mnunuzi huishika kanga, akaikunjua, akalitazama pindo, ndipo akatoa fedha. Hapo kizuri chaweza kujiuza. Lakini picha hulipiwa mlangoni kabla haijaonekana. Mtu hununua sifa tu, na mwenye sauti kubwa ndiye auzaye. Tena iko sababu nzito zaidi. Picha hizi tatu zamdai mtazamaji. Atoka ana deni kwa wazazi wake, kwa mtoto asiyesadikiwa, kwa kikongwe aliyetengwa. Na ni nani apendaye kulipa kiingilio ili adaiwe?

Mtu atasema, "Basi, kila kilichofichika ni chema?" Sivyo. Picha nyingi zimesahauliwa kwa haki. Tena wako watu wapendao kitu kwa kuwa wengine hawakijui. Hicho ni kiburi, nacho huwategemea wengi vilevile, ila kwa kinyume. Wala hizi tatu hazikosi ila. Yaaba yaenda polepole kwa mtu aliyezoea mapigano, na baadhi ya watu wazima wa Laughton ni wajinga kupita kiasi. Wingi wa watazamaji hauthibitishi ubora, na uchache wao hauthibitishi kitu.

Kipimo changu ni hiki: je, picha imemwonyesha mtazamaji mtu ambaye kila siku hupitwa asionekane? Ikiwa ndivyo, ni njema, hata kama ukumbi ulikuwa mtupu. Kwa hiyo naona methali yetu yataka kuongezewa neno: kizuri kisichoweza kushikwa mkononi chahitaji shahidi. Leo picha zafika vijijini kwa simu na katika vibanda vya video. Kijana akituuliza atazame nini, tusimjibu, "Kile wanachotazama wote." Tumwambie kweli tuliyoiona, uzuri na ila pamoja. Na kama picha yenyewe ni ile ya Sana, tuangalie kwanza kama hayuko kikongwe huku kwetu ambaye hajachotewa maji leo.