Kumtazama Samaki Pasi na Kumvua

Ndugu mmoja ametuuliza: mtu akaaye asubuhi nzima ukingoni mwa mto Rupingazi, huko Embu, akitazama samaki, hana ndoana wala wavu, je, hapotezi umri wake? Swali hili si la kuchekwa. Sisi watu wa pwani twajidai kuwajua samaki, kumbe tuijuayo ni bei yao sokoni na ladha yao sahanini.

Trauti wa mito ya Mlima Kenya ni wageni. Walianza kuletwa nchini mwaka 1905 ili wazungu wapate mchezo wa kuvua. Atazamaye kwa utulivu humwona ameelekeza kichwa maji yatokako, ametulia palepale mkondoni, angoja maji yamletee wadudu. Mvuvi naye ayajua hayo, twakiri, bali ayajua ili amhadae kwa chambo.

Uvuvi hatuukatai, kwani twala. Lakini kumjua kiumbe pasi na kutaka kitu kwake hatuoni kuwa ni upuzi. Muulizaji tumemshauri aende akakae siku moja na huyo amlaumuye, ila achunge kivuli chake kisianguke majini.