Neno la "Siwezi"

 

Ndugu zetu Waislamu, kuna neno limezoeleka midomoni mwetu, nalo ni "siwezi." Mzee akishauriwa ajifunze kuandika hesabu za duka lake, husema hayo si ya rika lake. Kijana akiambiwa atafute kazi ya mkono, husema hana bahati. Na baba akiulizwa masomo ya mwanawe, hujibu mbele ya mtoto mwenyewe, "Huyu kichwa chake kizito." Kisha yote haya hupambwa kwa jina la kudura, yakaitwa kumtegemea Mungu. Wallahi, huo ni uvivu uliovishwa kilemba.

Nami nakiri kosa langu. Nalikuwa na mwanafunzi chuoni aliyekwama katika juzuu ya Amma. Siku moja, kwa hasira, nalimwambia mbele ya wenziwe kwamba yeye hatahitimu abadan. Tangu siku ile hakukosa kuja, lakini hakujaribu tena. Akifika penye aya ngumu hunyamaza, akaningoja nimsomee. Nalidhani nimeipima akili yake, kumbe nimemvunja moyo. Sikuweza kumrudisha kwa maneno matamu. Nalimpa aya mbili kwa siku, zile anazozimudu, na kila alipozihifadhi akazisoma mbele ya wenziwe wale wale. Baada ya miezi mingi aliimaliza juzuu.

Njia hiyo sikuizua mimi. Amepokea Abu Daud kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba mtu mmoja katika Maansari alimjia Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hamna kitu. Akajibu kwamba mna nguo nzito, sehemu yake huivaa na sehemu huitandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi vitu hivyo mbele ya sahaba, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Kwa moja akamwamuru awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka. Alipolileta, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akakate kuni auze, wala asimwone kwa siku 15. Mtu yule alirudi amepata dirhamu 10, akanunua nguo na chakula.

Zingatieni. Alikuja akiamini kwamba hana kitu wala hawezi kitu. Mtume hakumtolea hotuba juu ya juhudi. Alimpa chombo, kazi iliyolingana na nguvu zake, na muda uliowekwa. Mikono yake mwenyewe ikamsadikisha. Mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Albert Bandura, aliandika mwaka 1977 kwamba kufanya jambo likafaulu humpa mtu imani ya uwezo wake kuliko kusifiwa, na kwamba mwenye imani hiyo hudumu zaidi katika jitihada akikutana na mashaka. Sisi tulifunzwa hayo kwa shoka.

Huenda mtu akauliza: Je, kujiamini si kiburi? Karuni hakudai kwamba mali yake aliipata kwa elimu yake, akadidimizwa ardhini? Jawabu ni kwamba Karuni aliangamia kwa kumsahau Aliyempa uwezo. Muumini hujua kuwa nguvu zake ni amana, na mwenye amana huulizwa aliitumiaje. Anayesema "siwezi" kabla ya kujaribu ameikana amana hiyo.

Basi enyi wazazi na walimu, msimhukumu mtoto kabla ya kumpa analolimudu. Enyi wenye kutoa sadaka, tazameni kama mwaweza kumpa maskini shoka lake pamoja na chakula cha leo. Na wewe usemaye huwezi, chagua jambo moja dogo la halali, ulishike siku 15, kisha ndipo ujihukumu.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na unyonge na uvivu. Nasi twajikinga Kwake na hayo mawili, na twamuomba atuwafikishe. Amin.