Wizi wa Kituo

Wizi ni neno baya. Halina rafiki katika sheria wala katika dini, na mtu aliyewahi kuitwa mwizi mbele ya watu hubaki na jina hilo hata baada ya kurudisha mali. Ni ajabu basi kuwa huko Marekani wako watu ambao wizi wao huhesabiwa mmoja mmoja, huandikwa vitabuni na kushangiliwa na maelfu. Tarehe 1 Mei 1991, katika mji wa Oakland, Rickey Henderson aliiba kituo cha tatu katika mchezo wa besiboli, akampita Lou Brock aliyekuwa ameiba vituo 938. Mchezo ulisimamishwa. Henderson aliking'oa kituo chenyewe kutoka ardhini akakiinua juu ya kichwa chake, na Brock mwenyewe alikuwapo kumpongeza. Alipocheza mara ya mwisho katika Ligi Kuu, mwaka 2003, hesabu yake ilikuwa imefika 1,406. Waswahili husema siku za mwizi ni arobaini. Mwizi huyu alipewa misimu ishirini na mitano.

Je, tendo hilo ni wizi kweli, au ni jina tu lililovaliwa kwa mzaha? Na kama ni wizi, ni kitu gani kilichouondolea aibu?

Kwanza yafaa tendo lenyewe lifahamike. Uwanja wa besiboli una vituo vinne vilivyopangwa mraba, na kutoka kimoja hadi kingine ni futi 90, yaani mita 27 na kitu. Mrushaji husimama katikati ya mraba, futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji. Mchezaji aliyekwisha kufika kituo cha kwanza angoja mwenzake apige mpira ili naye apate kuendelea. Lakini hakulazimishwa kungoja. Huchepuka hatua kadhaa kutoka katika kituo chake, huinama, hutazama mabega na miguu ya mrushaji, na mara aonapo mpira umekwenda zake kwa mpigaji, huchomoka. Mrushaji mwepesi hutumia sekunde moja na theluthi hivi tangu aanze kujongea mpaka mpira umfikie mdakaji. Mdakaji hodari hutumia sekunde mbili kuudaka, kuinuka na kuutupa kituo cha pili. Jumla haifiki sekunde tatu na nusu, na mkimbiaji hodari huhitaji karibu muda uo huo. Kwa hiyo ushindi na ushinde vimetenganishwa na kitu chembamba kuliko kufumba na kufumbua, na kitu hicho hupatikana au hupotea kabla mbio hazijaanza. Mrushaji aweza kumtupia mpira mlinzi wa kituo cha kwanza ili amnase mwenye tamaa. Aweza kuushika mpira muda mrefu mpaka miguu ya mkimbiaji ife ganzi. Aweza kumtazama tu. Ni mashindano ya macho mawili dhidi ya macho mawili.

Jibu la haraka ni kwamba huu si wizi kwa sababu sheria ya mchezo imeuruhusu. Jibu hilo halitoshi. Sheria za watu zimepata kuruhusu mengi maovu, hata kununua na kuuza binadamu, na ruhusa haikuyatakasa. Neno zito zaidi ni hili: mwizi wa mali huyachukia macho, bali mwizi wa kituo hutenda mchana au chini ya taa kali, mbele ya yule anayeibiwa, naye mwenye kuibiwa amejua tangu mwanzo kuwa atajaribiwa. Tena iko kanuni moja ndogo ambayo wengi huipita bila kuitazama. Mkimbiaji akienda kituo cha pili na walinzi wasijishughulishe kumzuia, pengine kwa kuwa mchezo umekwisha kuamuliwa, mwandishi wa hesabu hampi sifa ya wizi. Huandikwa kuwa walinzi hawakujali, basi. Duniani mambo ni kinyume: kitu kilichoachwa bila mlinzi kikichukuliwa, mchukuzi ni mwizi tu. Hapa, kisicholindwa hakiibiki. Yaonekana basi kuwa kinachoibwa si kituo, maana kituo hubaki palepale mchangani. Kinachoibwa ni nafasi iliyo katika uangalifu wa mlinzi, na mahali pasipo na uangalifu hapana cha kuiba.

Lakini ajabu kubwa zaidi iko upande wa pili. Mtu angetazamia sheria imfunge mwizi na kumwacha mlinzi huru. Besiboli imefanya kinyume. Mkimbiaji aruhusiwa kudanganya apendavyo: aweza kujitia kuondoka asiondoke, kuyumba, kupiga hatua mbili na kurudi. Mrushaji haruhusiwi. Akigusa kibao chake na kuanza mwendo wa kumrushia mpigaji, hana budi kuumaliza; akiuanza na kuukatiza ili amhadae mkimbiaji, mwamuzi hupaza sauti na kila mkimbiaji hupewa kituo kimoja bure. Kwa nini mwaminifu atakiwe kuwa mlinzi? Yumkini ni kwa sababu mpira uko mkononi mwake. Hakuna kinachoanza uwanjani mpaka yeye aamue. Mwenye uwezo wa kuanzisha jambo, dalili zake huwa ni kama ahadi kwa wote wanaomngojea. Na ahadi ikichezewa, hakuna atakayeweza kucheza. Mkimbiaji hakuahidi kitu. Hila yake yaficha nia, ile ya mrushaji yatoa neno na kulirudisha. Tofauti hiyo ni nyembamba, na wenye sheria wenyewe wamesitasita juu yake: kwa miaka mingi mrushaji aliweza kujitia kutupa kituo cha tatu kisha akageuka ghafula kutupa cha kwanza, na ni mwaka 2013 tu hila hiyo ilipokatazwa katika Ligi Kuu. Mrushaji wa mkono wa kushoto bado huinua mguu wake kwa namna ambayo haisemi ndiyo wala siyo, na waamuzi wengi humwachia.

Kutokana na hayo yawezekana kupima visa viwili ambavyo havikuwa na neno wizi ndani yake au vilikuwa nalo kwa namna nyingine. Mwaka 1962 Maury Wills wa Los Angeles aliiba vituo 104. Mwezi wa Agosti timu yake ilikwenda San Francisco, na wenyeji wakaimwagilia maji njia ya karibu na kituo cha kwanza hata ikawa tope. Wengi walicheka, na hata leo kisa hicho husimuliwa kwa kicheko. Mwisho wa msimu timu hizo mbili zilikuwa sawa kwa sawa, zikalazimika kucheza michezo mitatu ya kuamua, na San Francisco ikashinda. Haisemekani kuwa maji ndiyo yaliyoshinda. Hata hivyo, aliyeshika mpira wa maji hakuwa mchezaji. Hakujiweka katika hatari yoyote. Alitenda kabla mwenziwe hajafika, na Wills hakuwa na mbio za kumjibu. Mtu mwenye kuiba kituo huweka kitu rehani. Henderson mwaka 1982 aliiba vituo 130, na mwaka huo huo alikamatwa mara 42, kila mara mbele ya umati, akarudi kuketi na kuigharimu timu yake. Mwagiliaji hakuweka rehani hata kikombe.

Kisa cha pili ni cha Houston. Mdakaji humwashiria mrushaji kwa vidole aina ya mpira wa kurusha, na mkimbiaji aliyeko kituo cha pili aweza kuviona vidole hivyo kwa macho yake na kumdokeza mpigaji. Jambo hilo ni la kale na halikatazwi. Mdakaji akishuku, hubadili ishara. Mwaka 2017 timu ya Houston ilitumia kamera, na mtu akapiga pipa la taka ili mpigaji asikie. Mwezi wa Januari 2020 timu ilitozwa dola milioni 5, na meneja pamoja na mkuu wake wakafungiwa mwaka mzima. Habari iliyoibwa ni ile ile. Kilichokosekana ni uso wa mwizi. Mdakaji hakuwa na wa kumtazama.

Baadhi ya watu watasema kuwa neno wizi, likitiwa katika vinywa vya watoto kwa sifa, litalainisha nyoyo zao. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, ingawa watunga kanuni za watoto wameiponya kwa njia nyingine: katika Ligi Ndogo mkimbiaji haruhusiwi kuacha kituo mpaka mpira umfikie mpigaji. Vijana wa Lugazi kutoka Uganda, waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za ligi hiyo mwaka 2012, walicheza chini ya kanuni hiyo.

Jambo linalotia shaka zaidi ni la mwaka 2023. Ligi Kuu ilipanua vituo kutoka inchi 15 hadi 18 kila upande, ikamwekea mrushaji saa, na ikamzuia asiache kibao zaidi ya mara mbili kwa kila mpigaji. Akiacha mara ya tatu na mkimbiaji asinaswe, mkimbiaji hupewa kituo. Wizi uliruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Watazamaji walifurahi. Lakini mlinzi akifungwa mkono mmoja, aliyeibiwa na aliyetoa zawadi huanza kufanana, na hesabu za leo haziwezi kuwekwa kando ya zile za Wills bila maelezo.

Usiku wa tarehe 17 Oktoba 2004 hapakuwa na kizuizi hicho. Boston walikuwa wamefungwa na New York michezo mitatu mfululizo, na katika wa nne walikuwa nyuma kwa pointi moja, zamu ya mwisho. Dave Roberts aliingizwa kukimbia mahali pa mwenziwe. Kila mtu uwanjani alijua alichotumwa kufanya, na Mariano Rivera alijua zaidi ya wote. Alitupa kituo cha kwanza mara tatu kabla ya kumrushia mpigaji mpira wake wa kwanza. Roberts aliondoka. Mdakaji Jorge Posada alitupa vizuri, mpira ukafika, mkono wa Roberts ukagusa kituo kwanza. Bill Mueller akapiga, Roberts akarudi nyumbani, pointi zikawa sawa. Boston walishinda usiku huo, wakashinda michezo mingine mitatu, kisha wakatwaa ubingwa waliokuwa hawajaupata tangu 1918. Aprili 2005 New York walikwenda Boston, na jina la Rivera liliposomwa, umati ulimpigia makofi makubwa ya kejeli. Rivera alicheka, akavua kofia, akawainamia.